Daftari la Mama wa Dukani

Somo: Warumi 13:7-8

Nilipofika St. Paul, Minnesota, kwa masomo ya uzamili ya theolojia, nilikuwa nimetumika usharikani miaka 9. Kwetu jina langu lilitosha. Fundi alinijengea kibaraza akasema, "Utanilipa ukipata, Mchungaji." Kwa hiyo nilipoomba kadi ya mkopo benki, sikuwa na wasiwasi. Baada ya majuma mawili ikaja barua: ombi limekataliwa, sababu huna historia ya mikopo.

Nilijisikia nimetukanwa. Nikamweleza ndugu mmoja Mtanzania aliyeishi huko miaka mingi. Akacheka. "Mchungaji, hapa kutodaiwa si sifa. Wanataka waone umekopa, ukalipa."

Akanieleza utaratibu. Yapo mashirika matatu makubwa yanayotunza kumbukumbu za madeni ya watu, na kutokana na kumbukumbu hizo mtu hupewa alama, kuanzia 300 hadi 850. Kulipa kwa wakati hubeba asilimia 35 ya alama hizo, na kiasi unachodaiwa asilimia 30. Yanayobaki ni umri wa historia yako, maombi mapya na aina za mikopo uliyo nayo. Ukichelewa kulipa kwa siku 30 au zaidi, doa hilo laweza kukaa kwenye kumbukumbu zako miaka 7.

Nikaanza na kadi ya dhamana. Niliweka benki dola 300, nikaruhusiwa kukopa hadi dola 300. Yaani walinikopesha wakiwa wameshika fedha yangu mkononi. Kila mwezi nilinunua vitu vya dola 30 au 40, nauli ya basi na mkate, nikalipa deni lote kabla ya tarehe. Niliweka kengele kwenye simu ili nisisahau. Baada ya miezi 14 niliomba kadi ya kawaida, isiyo na dhamana. Nikakubaliwa, kikomo dola 500, na baadaye nikarudishiwa fedha yangu.

Usiku ule nilimshukuru Mungu kwa furaha. Lakini nilipolala, neno moja lilinikatalia usingizi: bila dhamana. Kumbe nilikwisha kukopeshwa bila dhamana zamani.

Nilipokuwa mwanafunzi Makumira, palikuwa na mama mwenye duka dogo pale Usa River. Mwaka ambao baba aliugua, na fedha za nyumbani zikakatika, mama yule alinikopesha sukari, sabuni na mchele kwa miezi kadhaa. Aliandika kwenye daftari la shule lililokatika jalada. Deni lilifika shilingi 64,000. Niliahidi kulipa kabla ya Krismasi. Kisha yakaja mazoezi ya usharikani, kubarikiwa, ndoa, watoto. Miaka 14 ikapita.

Katika miaka hiyo nilihubiri Sala ya Bwana mara nyingi. Niliwaeleza Wakristo kwamba katika Mathayo neno linalotumika ni deni. Kila mara nililielekeza mbinguni, sikulielekeza Usa River hata mara moja. Na benki isiyonijua kwa sura niliilipa kabla ya tarehe, kwa kuwa niliogopa alama zake.

Mchungaji mwenzangu alinitafutia namba. Nikapiga. "Shikamoo, mama." Sauti ilikuwa ya mzee. Nilipojitambulisha tu, akasema, "Elfu sitini na nne. Nilijua utakumbuka, mwanangu."

Ningeweza kuliacha hivyo. Lakini nikamwambia, "Mama, sikukumbuka. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nimekumbushwa na kadi ya benki." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama huko kuna baridi sana.

Nilimtumia shilingi 150,000, maana shilingi ya leo si ya wakati ule. Alipokea, akaniombea kwenye simu.

Sisi Walutheri tunafundisha kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani, si kwa alama alizojikusanyia. Ninaliamini hilo kwa moyo wote. Benki ilinikataa kwa kukosa historia. Mungu alinipokea akiijua historia yangu yote. Lakini nimeona jinsi nilivyoligeuza fundisho hilo kuwa maficho. Neema ya Mungu haikulipa sukari ya mama yule. Iliniweka huru niende kumwambia ukweli bila kujitetea.

Ndugu msomaji, kama uko ugenini unaanza kujenga jina lako benki, fanya hivyo kwa uangalifu: kopa kidogo, lipa mapema. Kama uko nyumbani na unakopa kwenye simu, fanya vivyo hivyo. Ila kabla ya kulala leo, mkumbuke aliyekuamini bila kukudai chochote mkononi. Huenda bado anasubiri, na huenda hana barua ya kukutumia.