Bastola ya kuchezea niliyoitengeneza ikawa safi kupita kiasi

Wasee, leo sina kichekesho. Nataka kuwaambia kwa nini ile vidio ya mwizi na muuza mayai niliyowaahidi haijatoka, na kwa nini haitatoka.

Yote ilianza na vidio za Wamarekani. Si unajua vile unaanza kuangalia kitu saa nne usiku, ukishtuka ni saa nane na bado uko hapo. Mimi nilinaswa na watu wanaochoma mipini ya bastola. Jamaa ameketi gereji kwake, ana Glock isiyo na risasi, ameifungua yote amebaki na fremu ya plastiki peke yake. Anachukua chuma cha kulehemu, kile cha fundi wa redio, anachapa nukta moja, halafu nyingine, halafu nyingine. Mamia ya nukta. Akimaliza, mpini uliokuwa laini umekuwa na mikwaruzo kama ngozi ya kenge.

Kazi hiyo ina sababu. Jeshi la Austria lilipoichagua Glock mwaka 1982, bastola yenye fremu ya plastiki ilikuwa bado jambo geni. Plastiki ni nyepesi na haishiki kutu, lakini mkono ukitoa jasho inateleza. Na kwa kuwa ni plastiki, moto unaweza kuibadilisha sura ukiwa mezani kwako, bila mashine ya maana.

Kuna na adabu zake. Unabandika selotepu kuzunguka sehemu unayotaka, ndiyo mpaka wako uwe umenyooka. Unasugua vile vibonde vya vidole kwa msasa kama havilingani na mkono wako. Hugusi namba ya usajili, kwa sababu kuiharibu huko ni kosa la jinai. Unafungua madirisha, maana moshi wa plastiki si wa kuvuta. Usichome ndani sana, ukuta wa mpini ni mwembamba. Na ukikosea, pole. Plastiki ikishayeyuka hairudi.

Mimi ni mtu wa mikono, kwa hivyo nikaipenda. Bastola sina na sitafuti. Hapa Kenya raia hawezi kuwa nayo bila leseni, na sheria ya silaha, Sura ya 114, haina mzaha. Lakini nilikuwa na toi ya plastiki niliyonunua ya vidio, ile ya kung'aa yenye mdomo wa rangi ya machungwa. Kwenye kamera ilikaa ovyo. Nikaenda Luthuli, nikanunua chuma cha kulehemu, nikaanza kujifunza kwenye kipande cha mtungi uliopasuka. Unagusa, unahesabu moja, unainua. Unagusa, unahesabu moja, unainua.

Siku tatu. Nikasugua ule mstari wa katikati ambapo plastiki mbili zinaungana. Nikachoma mpini. Nikapaka yote rangi nyeusi isiyong'aa, pamoja na ule mdomo wa machungwa. Manze, ilikuwa safi. Niliishika nikajiangalia kwenye kioo, nikaona kazi yangu na nikajisikia fundi.

Hapo ndipo mjomba aliingia. Ni ndugu ya mathe, alikuwa askari polisi kabla ya kustaafu. Huwa anabisha mara moja na kufungua. Alifungua, akaniona, akasimama palepale mlangoni. Hakuingia. Aliongea polepole kama mtu anayebembeleza mbwa asiyemjua.

"Weka chini kwanza."

"Mjomba, ni toi."

"Weka chini kwanza, kijana."

Nikaweka kitandani. Ndiyo akaja, akaichukua, akaigeuza. Akapitisha kidole kwenye zile nukta.

"Umeitengeneza wewe?"

"Ndiyo, mjomba."

"Ni kazi nzuri sana. Na hiyo ndiyo shida." Akanionyesha mlango. "Hapo nilikuwa hatua nne tu kutoka kwako, na nimebeba Ceska miaka mingi. Sikujua. Sasa wewe unataka kuipeleka nje, jioni, na mwenzako anakimbia na trei ya mayai?"

Sikuwa na jibu. Kwa sababu hata mimi nimekulia hapa mtaani, na nimesikia ile sentensi mara ngapi kwenye taarifa: mshukiwa ameuawa, bastola bandia imepatikana. Tunaisikia tunaendelea kula. Sijawahi kujiuliza ile bandia ilikuwa ya nani, na alikuwa anaifanyia nini.

Na msidhani ni Kenya tu. Huko huko zinakotoka hizo vidio, Cleveland, Novemba 2014, mtoto wa miaka 12 aitwaye Tamir Rice alipigwa risasi na polisi kwenye bustani ya umma. Alikuwa na bastola ya kuchezea. Ule mdomo wa machungwa haukuwepo. Gari la polisi lilifika, na ndani ya sekunde chache risasi zikatoka. Mimi nilikuwa nimeifunika ile machungwa kwa mikono yangu, na nikafurahi.

Nimefikiria sana hii kitu. Zile nukta za mpini ni za anayeshika. Ni yeye peke yake anayezisikia kwenye kiganja. Msee aliye mbali haoni nukta, haoni siku zako tatu. Anaona umbo jeusi mkononi mwa kijana, na ana sekunde moja ya kuamua. Yule jamaa wa gereji yuko kwake, mlango umefungwa, silaha yake ni halali. Mimi niko mahali ambapo kijana mwenye kofia anasimamishwa hata akiwa na simu tu.

Niliikata vipande vitano kwa msumeno. Iliuma, siwadanganyi. Nilikata mpini mwisho.

Chuma cha kulehemu sijakitupa. Rafiki yangu kinyozi alikuwa analalamika mashine yake ya kunyolea inateleza akipaka mafuta. Nikachomoa umeme, nikatoa mtambo wa ndani, nikabandika selotepu, nikachapa nukta. Ilichukua jioni moja. Sasa vinyozi wawili wa jirani wameniletea za kwao, na mmoja amelipa.

Vidio ya muuza mayai tutairudia, lakini mwizi atashika ndizi. Najua mtanicheka. Chekeni tu. Halafu kama una toi nyeusi umeiweka kwa begi ya kushuti, hebu itoe uitazame ukiwa umesimama mlangoni.