Payote ya nyumbani: nyasi, udongo na rangi za kwetu



Mvua ikikatika huku kwetu Katanga, kati ya mwezi wa nne na wa tano, parsele nyingi za Lubumbashi zinaanza kubadilika. Watu wanapiga matofali, wanatengeneza vyoo, na wenye nafasi kidogo mbele ya nyumba wanasimamisha payote. Kila mmoja wetu anaijua: nguzo sita au nane, paa la nyasi lenye ncha, viti vya plastiki na meza katikati. Hapo tunapokea wageni, tunakaa siku za matanga, tunasikiliza maneno ya mahari. Hapo pia watoto wanafanya kazi zao za masomo mwezi wa kumi, wakati nyumba ya mabati inachemka kama sufuria.

Katika mikutano yetu tunazungumza mara nyingi juu ya pesa zinazopotelea kwenye nganda. Wengine wanapigana kwa maneno kila jioni. Mimi na mume wangu tulichagua kujenga. Sisemi kwamba payote inaponya ulevi. Nasema kwamba mtu anayetafuta upepo, kiti kizuri na mazungumzo anaweza kuvipata nyumbani karibu na watoto wake, na bei ya chupa tatu ikabaki kuwa pesa ya minervali. Ili kupata vifaa nilizunguka mjini na vijijini kiangazi kizima. Haya ndiyo niliyoyaona.

Nyasi na miti

Ukitoka mjini asubuhi na mapema, unakutana na baiskeli za makala. Watu wanazisukuma kwa miguu, magunia yamepangwa mpaka juu ya kichwa. Katikati ya makala utaona pia baiskeli ya nyasi, kama kichaka kinachotembea. Ukimwuliza mwenye nyasi, atakuambia kwamba zamani alikata karibu, leo anakwenda mbali. Makala yameusogeza msitu, na moto wa kichaka unakula nyasi kabla ya watu. Kwa sababu hiyo usingoje. Nyasi za paa zinakatwa zikiisha kukomaa na kukauka, mwezi wa tano mpaka wa saba, kabla ya moto kupita.

Kwa nguzo, tafuta mubanga. Ni mti mgumu, mchwa unashindwa kuutafuna. Ukikosa mubanga na kuchukua mti mwingine, toa maganda yote, kisha choma kidogo sehemu itakayoingia ardhini mpaka iwe nyeusi. Shimo liwe na sentimeta 60.

Paa ndilo linalosumbua watu wengi. Wanalifanya bapa ili kuokoa nyasi, na mwaka wa pili linaoza. Kanuni ni rahisi, hata mtoto wa darasa la tano anaiweza: pima kutoka katikati ya payote mpaka kwenye ukingo wa paa. Kama ni meta 2 na nusu, basi ncha ipande meta 2 na nusu juu ya ukingo. Hapo maji yanateremka juu ya nyasi bila kupata muda wa kuingia ndani. Unene uwe wa shubiri moja nzuri. Fundi aanze kufunga chini na kupanda juu, kila safu ikifunika kamba za safu iliyo chini yake.

Jambo moja la kushika sana: nyasi ni chakula cha moto. Payote ikae mbali na jiko na mbali na nyaya za umeme. Mbabula isiingie chini ya paa hata siku ya mvua. Usiwashe mshumaa, taa ndogo ya jua inatosha. Na ndoo ya mchanga isitoke pale.

Udongo wa kichuguu

Wageni wanaokuja Katanga wanashangaa vichuguu vyetu, maana vingine ni virefu kuliko nyumba. Sisi tumezoea, tunavichimba kwa kupiga matofali. Wazee waliovijua zaidi ni wale walioitwa walaji wa shaba. Hao waliyeyusha mawe ya shaba wakati wa kiangazi, na tanuru zao walizijenga kwa udongo huohuo wa kichuguu, kisha wakamimina shaba katika umbo la msalaba. Misalaba ile ilikuwa mali, ilitumika hata kwa mahari. Basi udongo unaoukanyaga si kitu cha kudharau.

Kwa sakafu ya payote, inua kwanza ardhi sentimeta 20 ili maji ya mvua yasiingie. Ponda udongo wa kichuguu, lowesha kidogo, mwaga safu nyembamba na kupiga kwa gogo mpaka ugome. Ongeza safu nyingine, piga tena. Halafu funika kwa magunia yenye unyevu siku kadhaa. Ukiacha jua likaushe mara moja, sakafu itapasuka. Mwisho chimba mfereji kuzunguka, maji yakidondoka kutoka paani yapate njia.

Kuta za wanawake wa Makwacha

Payote nyingine ziko wazi, nyingine zina ukuta mfupi unaofika kiunoni. Mimi nilitaka ukuta, na kwa ajili ya huo ukuta nilikwenda Makwacha.

Makwacha ni kijiji cha Balamba, nje ya Lubumbashi. Nyumba zake ni za udongo, lakini ukifika wakati wa kiangazi utafikiri umeingia ndani ya kitambaa cha kikwembe. Kila ukuta una rangi na michoro: mistari, maua, wanyama, vitu vya nyumbani. Wachoraji ni wanawake. Rangi hawazinunui dukani. Wanazichimba: udongo mweupe, mwekundu, wa njano, nyeusi wanaipata kwenye makaa. Wanalainisha ukuta kwanza, kisha wanapaka na kuchora, na mkono ndio kifaa cha kwanza.

Nilikaa nikitazama msichana mmoja akisaidia kazi. Mimi nimefundisha jiometri kwa chaki na rula miaka mingi. Yeye aligawa ukuta nusu kwa nusu, kisha robo kwa robo, kwa shubiri ya mkono wake, na mistari ikakutana pale ilipotakiwa. Hakuna daftari lililomfundisha. Alikuwa amekaa karibu na wakubwa wake, basi.

Mvua ikirudi, inafuta mengi. Kiangazi kingine wanawake wanaanza upya, na mara nyingi mchoro mpya si ule wa mwaka jana. Nilipowaza kwamba ni kazi inayopotea, nilikumbuka kwamba ndivyo tunavyopika bukari kila siku na hakuna anayesema ni kazi bure. Mama anayepaka ukuta kila mwaka anampa binti yake nafasi ya kujifunza kila mwaka. Rangi ya kopo ikikaa miaka kumi, mtoto anakua bila kushika udongo.

Ukuta wetu tuliupaka mimi, binti zangu na majirani wawili, siku mbili tu. Tulinunua sabuni ya kuoga baadaye, hakuna gharama nyingine.

Pambo lenye maana

Fundi mmoja wa rangi katika mtaa wetu alitaka kunichorea bahari, minazi na mchanga mweupe. Alisema payote za kisasa ndivyo zilivyo. Nilimjibu: "Baba, kutoka hapa mpaka baharini ni zaidi ya kilometa 1,000. Nani wa hapa kwetu aliyekaa chini ya mnazi huo?" Akacheka, lakini alikuwa na sababu, maana mtindo huo umezunguka dunia.

Ulianzia Marekani. Sheria ya kukataza pombe ilipoondolewa kule mwaka 1933, mtu mmoja aitwaye Ernest Gantt alifungua baa ndogo huko Hollywood. Aliipamba kwa mianzi na vitu vya visiwa vya bahari ya Pasifiki, na ikajulikana kwa jina la Don the Beachcomber. Wengine wakamwiga, na baada ya vita ya pili ya dunia watu walijenga baa kama hizo hata ndani ya nyumba zao. Waliziita baa za tiki. Kwa Wamaori na kwa watu wa visiwa vya Marquesas, tiki ni jina la mtu wa kwanza, na pia la sanamu zinazochongwa kwa heshima. Kumbe sanamu hizo zikafanywa vikombe vya pombe na mapambo ya mlangoni, na wenye sanamu hawakuulizwa.

Nawaeleza haya kwa sababu nasi tunafanya hivyohivyo. Mtu ananunua sokoni kinyago cha jando au sanamu ya wazee wa kabila jingine, anaipigilia juu ya friji ya vinywaji, hajui ilikuwa ya nini. Kabla ya kutundika kitu, uliza maana yake. Ukikosa wa kukujibu, kiache.

Vitu vya kwetu visivyo na shaka ni vingi. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji hapa mjini, siku zile ukiitwa Elisabethville. Hakuwalazimisha vijana kuiga michoro ya Ulaya. Aliwaacha wachore wanayoyajua. Pilipili Mulongoy alichora ndege na samaki wa nchi hii. Bela alichora kwa vidole. Mwenze Kibwanga alijaza picha zake kwa mistari mifupi mifupi. Mpaka leo wachoraji wetu wanafuata njia zao. Picha moja ya ndege wa kwetu, sahani moja ya shaba iliyopigwa nyundo, vibuyu viwili, kikapu cha mama wa kijijini: payote imependeza, na pesa imebaki kwa mafundi wa hapa.

Kinywaji kinachokaa mezani

Payote bila kinywaji haikaliwi. Kwetu tunaweka munkoyo. Pika uji mwepesi wa unga wa mahindi, uive vizuri, uache upoe mpaka uwe vuguvugu. Ponda mizizi ya munkoyo iliyosafishwa, itie ndani ya uji. Mizizi ina nguvu ya kuvunja unga wa uji na kuugeuza kuwa sukari, ndiyo maana baada ya saa chache uji mzito unakuwa maji yenye utamu. Uji wa moto sana unaua nguvu hiyo, na munkoyo hautatoka. Chuja, na siku hiyohiyo watoto na wazee wanakunywa pamoja. Ukiuacha siku mbili au zaidi, unachachuka na kuwa pombe nyepesi. Kwa hiyo pika kidogo, umalizike.

Hapa lazima niseme neno zito. Mama mmoja jirani alianza vizuri na munkoyo katika payote yake. Halafu akaona lutuku inaleta pesa haraka. Wateja wakabadilika, wakawa wanakaa mpaka usiku wa manane. Binti yake wa miaka 12 ndiye aliyewapelekea vikombe. Mimi nilijua kwa sababu mtoto alianza kusinzia darasani, kisha akaacha kuja. Tulikwenda wamama watatu, bila kelele, tukakaa naye. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na deni la nyumba. Likelemba yetu ikamtanguliza zamu yake, deni likalipwa, lutuku ikaondoka. Mtoto amerudi darasani, lakini mwaka ule wa masomo alikuwa ameupoteza.

Tangu hapo kwetu kuna sheria tatu, tumeziandika kwa udongo mweupe kwenye nguzo: lutuku haiingii, mtoto hahudumii mtu anayekunywa pombe, saa tatu ya usiku viti vinaingia ndani. Mama anayetaka kuuza aongeze ya nne: pesa ya payote iwe na daftari lake, isichanganyike na ya chakula.

Mume wangu hajaacha kabisa kutoka. Siku ya mshahara bado anakwenda kuwaona rafiki zake. Lakini jioni nyingi ni wao wanaokuja kwetu, wanakunywa munkoyo chini ya nyasi, na kijana wetu wa pili anamwuliza baba yake hesabu zilizomshinda. Jioni hizo tunajua kila mtu wa nyumba yuko wapi.

Mwenye kutaka kujenga, asianze peke yake. Kikundi cha wamama watano kinaweza kufanya salongo: wiki hii tunaponda udongo kwako, wiki ijayo kwangu. Nyasi tununue pamoja kwa mtu mmoja, atatupunguzia bei. Kiangazi ni kifupi. Ukiona baiskeli ya kwanza ya nyasi imeingia mjini, simamisha na uulize bei.

Kazi njema, wamama.