Mwanagenzi na Mashua ya Kale

Mashua ndogo ya mtambo iliyoundwa kwa mahogani haikuzaliwa kwa haja ya riziki. Jahazi huchukua boriti na chokaa, ngalawa hufuata samaki, lakini chombo hiki cha futi 17 au 18 kiliundwa ili kikimbie ziwani siku ya mapumziko na kurudi kabla ya chakula cha jioni. Nchini Marekani ukoo wa Christopher Columbus Smith, mjini Algonac, Michigan, uliunda vyombo vya namna hii kwa wingi katika miaka ya 1920, ukiiga taratibu za viwanda vya motokaa vya Detroit, na jina la Chris-Craft likaenea katika maziwa yote ya kaskazini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni iliacha mbao ikashika plastiki yenye nyuzi za kioo. Tangu wakati huo kila mashua ya mahogani iliyosalia imekuwa ikingoja moja katika mambo mawili: kuoza, au kupata mtu.

Mtu huyo aghalabu si fundi. Ni mwalimu, karani au mstaafu aliyeikuta mashua katika banda la mkulima, imefunikwa turubai na mavi ya ndege, akaipenda kabla ya kuikagua. Mapenzi yake huanza juu. Hupitisha kidole katika vumbi, huona wekundu wa mti chini yake, na moyoni huwa amekwisha ipaka vanishi. Si ajabu, maana vanishi ni kitu cha kupendeza, nayo ina tarehe yake. Katika karne ya 19 sandarusi iliyochimbwa Mrima, mkabala wa Unguja, ilisafirishwa hata Salem, Massachusetts, ikasafishwa huko kwa ajili ya watengenezaji wa vanishi. Mashua za Algonac zilikuja baada ya biashara hiyo kufifia, lakini mwanagenzi anayepaka tabaka la kumi na kusugua kwa msasa laini anafuata tamaa ile ile ya kale ya kuuona mti kama kwamba umo ndani ya asali.

Tamaa hiyo humpoteza. Ubora wa mashua hii, na uhai wa watakaoipanda, umo upande wa chini ambao hakuna mgeni atakayeusifu. Huko pana tabaka mbili za mbao. Ya ndani ni nyembamba, imelazwa mshazari. Ya nje hufuata urefu wa mkuku. Baina yao kumetandikwa kitambaa kilicholoweshwa dawa nzito ya kuzuia maji. Mbao za chini hazikukalafatiwa kama za jahazi; zilitegemewa kufura zenyewe na kubanana. Hila hii ilifaa kwa miaka kadhaa. Lakini kila majira ya baridi chombo kilipandishwa pwani kikakauka, kila masika kikalowa tena, kitambaa kikaoza, na unyevu ukakaa baina ya tabaka mahali ambapo jua halifiki. Ncha ya kisu huzama humo kama katika muhogo uliopikwa. Parafujo za shaba ya manjano, ambazo zinki yake imeliwa na maji, huwa nyekundu na dhaifu, zikakatika mara tu bisibisi inapozigusa.

Basi mwanagenzi mwenye pupa hung'oa mbao zote na mataruma mabovu kwa juma moja, chombo kikiwa kimekaa juu ya magogo mawili. Hilo ndilo kosa lisilosameheka kwa urahisi, kwani mbao hizo ndizo zilizokuwa zikishika umbo. Mkuku huinama bila kutoa sauti. Kama upande wa chini umebonyea karibu na tezi, mashua itakapokwenda kasi itainamisha omo majini. Kama umebenuka, omo itarukaruka. Mwenye subira huegemeza mkuku mahali pengi, huvuta uzi kutoka omo hata tezi, hufunga mbao za kukingama juu ili mbavu zisifunguke, ndipo hutoa taruma moja, akalifanya kielezo cha jipya, akalitia, na kulifuata la pili. Kazi huchukua miezi. Jirani huuliza kama imekwisha, na jibu ni lile lile la mwaka jana.

Hapa wapenzi wa mashua hugawanyika. Wengine hurudisha upande wa chini kama ulivyokuwa, kitambaa kwa kitambaa. Wengine huunganisha tabaka mbili kwa gundi mpya inayonyumbuka kama mpira, nao hupata chombo kisichovuja. Wa kwanza huwaita wa pili waharibifu. Wa pili huwaita wa kwanza wapiga maji. Anayechukua watoto wake katika ziwa lenye maji baridi ana haki ya kutumia gundi bila haya. Asichokuwa na haki nacho ni kuinyamazia siku ya kuuza. Katika jumba la makumbusho la The Mariners' Museum, mjini Newport News, Virginia, zimehifadhiwa kumbukumbu za kampuni hiyo, na kwa nambari ya chombo mtu aweza kujua kilitoka kiwandani na mtambo gani na kilipelekwa wapi. Karatasi hiyo haisemi nini kimebadilishwa baadaye. Hilo hulijua mwenye kukitengeneza peke yake, na mnunuzi hawezi kuliona chini ya rangi.

Mtambo una matata machache kuliko inavyodhaniwa. Ule wa silinda 4 wenye nguvu za farasi 60, au wa silinda 6 wenye nguvu 95, ulijengwa juu ya injini za Hercules, na makanika mzee wa motokaa huuelewa upesi. La kuogopwa ni petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hushuka ngamani ukalala, ukingojea cheche moja. Feni ya kuutoa haina uzuri wowote, na hukosekana katika picha za zamani, lakini itiwe.

Mashua iliyorudishiwa upande wa chini wa kale haitiwi majini na kuachwa. Hufungwa kamba pana na kuning'inizwa gatini, pampu ikivuma. Maji huingia katika kila ungo, hata mtu hudhani miezi yake yote imepotea. Usiku wa kwanza mwenyewe halali. Wa pili pampu hunyamaza kwa dakika kadhaa, kisha huanza tena, naye huhesabu. Siku ya tatu au ya nne hulegeza kamba kidogo, mashua ikakaa juu ya maji kwa uzito wake yenyewe.