Saa 48 na Kamba Moja ya Mwani

Leo hatuna pishi, wala mambo ya ngozi, wala mitindo ya kushona abaya za sikukuu. Leo tuna habari ya gemu. Ndiyo, gemu, hizi hizi ambazo watoto wetu wanatunyang'anyia simu kuzicheza. Tulitengeneza yetu, sisi wenyewe, baina ya Ijumaa usiku na Jumapili usiku, na tunataka kuwaeleza kwa nini tunaona kila mwanamke mwenye jambo lake aliloliweka pembeni anafaa kuisikia habari hii.

Kitu tulichoshiriki kinaitwa gemu jamu. Si jamu ya kupaka mkate. Jina limetoka kwa wapiga muziki, ambao hukutana bila matayarisho wakapiga pamoja lile linalowajia. Watengeneza gemu wakaliazima. Watu hupewa mada moja na muda mfupi, mara nyingi saa 48, na muda ukiisha kila kikundi kiwe kimetoa gemu inayochezeka, hata kama ni ndogo kama punje ya mtama. Ludum Dare, moja katika jamu za mtandaoni za zamani, ilianza mwaka 2002. Global Game Jam, ambayo watu hukusanyika kwenye vituo katika miji yao, ilifanyika mara ya kwanza Januari 2009 katika nchi 23. Siku hizi zipo nyingi mno, kubwa na ndogo, na nyingi hazina kiingilio wala zawadi ya pesa. Sisi tuliingia kwenye moja ndogo ya mtandaoni.

Sisi ni watatu. Mmoja anasomesha hesabu skuli. Mmoja anashona kofia za viua. Wa tatu alisomea kompyuta, akaolewa, akajaaliwa watoto wawili, na cheti chake kimekaa kabatini pamoja na kadi za kliniki. Huyu wa tatu ndiye aliyetuvuta. Kwa miaka sita kompyuta yake imekuwa na mafaili ya gemu alizozianza, na kila moja imesimama pale pale ambapo mtoto aliamka. Tukimuuliza, jibu lake ni lile ambalo sote tunalo mdomoni: "Nikipata nafasi."

Kabla hatujaanza tulipata maneno. Shangazi wa mwenzetu alituuliza, "Nyinyi watu wazima, mna waume na watoto, mnakaa kucheza?" Hatukumjibu kwa haraka, kwa sababu swali lake ni la haki. Muumini huulizwa kuhusu umri wake ameumaliza katika nini, na Mwenyezi Mungu ameapa kwa wakati katika Suratul Asr. Tulikaa tukajipima. Tukakubaliana kwamba gemu yetu haitakuwa na kamari wala bahati nasibu, haitakuwa na uchi, haitamfundisha mtoto kufurahia kuumiza, na hakuna sala itakayosogezwa kwa ajili yake. Tukaona pia kwamba kujifunza fani, na kusema kitu cha kweli kuhusu watu wetu, si upuuzi. Anayeona vyengine tunamheshimu. Ila tuliingia tukiwa tumetia nia, si kwa kufuata mkumbo.

Mwalimu wetu wa hesabu akachukua karatasi akazipangua zile saa 48. Toa kulala, saa 14. Toa watoto na jiko, saa 12, maana Jumamosi haipiki wenyewe. Toa sala na kula, saa 4. Zikabaki 18. Kuna vijana duniani wanaokesha siku zote mbili kwa kahawa, na sisi tulikuwa na saa 18 za vipande vipande. Tulicheka. Lakini kuiona ile namba imeandikwa kulitusaidia kuliko kudhani tuna siku mbili nzima.

Mada ilitangazwa Ijumaa saa tatu usiku: kitu kinachorudi. Mawazo yakamiminika. Mara mzimu, mara mume aliyekwenda Dubai, mara paka. Ndipo mwenzetu mshonaji, ambaye mama yake analima mwani kijijini upande wa mashariki ya Unguja, akasema neno moja: "Maji." Hatukutafuta tena.

Tulimpigia simu mama yake asubuhi, baada ya Alfajiri, kabla hajatoka. Kilimo cha mwani cha kuuza kilianza kwenye pwani hizo mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Wanashindilia vigingi vya miti kwenye mchanga, wanatandika kamba baina yake, na kwenye kamba wanafunga vipande vya mwani kwa taitai, vile vikamba vidogo. Wiki kama sita baadaye wanavuna. Kazi kubwa hufanyika wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maana hapo maji hupwa mbali na mashamba yanakuwa wazi. Kwenye maji mafu bahari haitoki sana. Na hata katika bamvua, kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50, kwa hiyo hakuna saa moja ya kazi unayoweza kuizoea.

Tukamuuliza, "Mama, ikiwa hamjamaliza na maji yanarudi, mnafanyaje?"

Akacheka. "Wanangu, hakuna anayemaliza shamba siku moja. Unafunga kamba zako, iliyofungwa imefungwa. Maji yakija unatoka. Bahari haiulizi kama uko tayari."

Kwa maneno hayo gemu yetu ikapatikana. Mchezaji ni mwanamke mwenye kanga kiunoni na mkoba wa taitai. Maji yamepwa. Kila kipande cha mwani unachofunga kinakula muda. Kamba za karibu ni nyepesi kufikia, za mbali zinakua vizuri zaidi. Maji yanaanza kurudi polepole kutoka juu ya skrini, na wewe ndiye wa kuamua kutoka au kufunga kimoja zaidi. Tuliamua kwamba hafi. Maji yakimkuta anarudi ufukweni amerowa, na mwani aliouacha haujafungwa unachukuliwa. Yanapwa tena, anaingia tena. Mara sita, kisha anavuna kilichosalia.

Tulitumia Godot, injini ya kutengenezea gemu iliyoanzia Argentina, ambayo tangu mwaka 2014 ni huria na haina malipo. Inafanya kazi hata kwenye kompyuta mpakato ya zamani kama yetu, iliyokuwa moja kwa watu watatu. Michoro ilimwangukia mshonaji, ambaye hajawahi kuchora kwenye kompyuta maisha yake. Lakini picha za gemu za namna hii hujengwa kwa vijiraba vidogo, pikseli, kimoja kimoja. Akaangalia kidogo akasema, "Kumbe ni kofia." Anayetoboa viua hupanga tundu kwa tundu mpaka ua linajitokeza, na macho yake yameshajua hesabu hiyo. Mwanamke wetu ana upana wa vijiraba 16 tu, na kanga yake ina pindo. Hatukuweka muziki. Sauti tulizirekodi kwa simu: maji kwenye beseni, kanga ikikamuliwa, nyayo kwenye mchanga mbichi wa uani.

Jumamosi alasiri umeme ukakatika, na betri ya kompyuta yetu haifiki saa moja. Tukatoa daftari la hesabu la miraba, tukachora mawimbi kwa kalamu ya risasi huku watoto wakituzunguka. Mtoto wa miaka mitano akapewa kazi ya kupaka rangi ya buluu. Umeme uliporudi baada ya Isha tulikuwa na michoro yote tayari kuingizwa.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Jumapili asubuhi tulikuwa na orodha ndefu ukutani: samaki, ngalawa inayopita, soko la kuuzia mwani, watoto wanaookota kaa, mvua, mama wa pili anayefanya kazi pembeni yake. Tulikuwa na saa sita za kweli mkononi, na maji ya kwenye gemu yalikuwa yanapwa mara moja na kugoma kurudi. Mwenzetu aliyesomea kompyuta alikaa kimya muda mrefu. Sisi tunamjua. Hapa ndipo, miaka yote sita, alipokuwa akifunga kompyuta na kusema ataendelea akipata nafasi, ili kitu kije kuwa kizuri kama alivyokiona kichwani.

Mwalimu akasimama akachukua kalamu. Akafuta samaki. Akafuta ngalawa. Akafuta soko na mvua na watoto. Alipofika kwa mama wa pili akasita, mshonaji akasema, "Futa." Ukutani yakabaki maneno matatu: mwanamke, kamba, maji. Mwenzetu akavuta pumzi, akavuta kiti, na mpaka Laasiri maji yakawa yanarudi.

Tuliipakia gemu saa mbili na dakika arobaini usiku, ikiwa imebaki dakika ishirini. Ina dakika nne za kucheza. Hatukushinda kitu. Watu wachache waliicheza kwenye zile siku za washiriki kuchezeana na kupeana maksi, na tukawekwa katikati ya orodha, upande wa chini. Lakini kwenye kompyuta ile, kwa mara ya kwanza, kuna faili ambalo limeisha. Mwenzetu alisujudu sijida ya shukuru pale pale ukumbini, na sisi hatukuwa na la kusema.

Tunaamini si kipaji kilichokosekana miaka yote ile. Nafasi haiji, kwa sababu nyumba yenye watoto haina nafasi ya kujitokeza yenyewe. Kilichotusaidia ni mpaka. Tulipewa muda mdogo usiojadiliwa, na muda mdogo unamlazimisha mtu achague kitu kidogo. Mama zetu wa mwani wanaishi hivyo kila bamvua. Hawasubiri siku ambayo bahari itakaa nje mchana kutwa. Wanaingia na taitai zao, wanafunga zinazofungika, wanatoka.

Wiki iliyofuata tulikwenda kijijini na kompyuta. Bi mkubwa akavaa miwani, akacheza mara moja, akacheza mara ya pili. Akazifunga kamba za mbali kwanza, ambazo sisi wote tulikuwa tukiziacha za mwisho, akatoka maji yakimlamba visigino. Kisha akavua miwani akauliza, "Mbona yuko peke yake? Mwani haulimwi peke yake. Mwenzio akichelewa unamwita."

Mshonaji ameshaanza kumchora mama wa pili, vijiraba 16. Tumejipa Jumamosi moja tu ya kumtia ndani, baina ya Adhuhuri na Magharibi, na ikifika Magharibi tunafunga tulipofika.

Ukitaka kujaribu, wewe au binti yako, usianze na vitu vikubwa. Skuli ya msingi anaweza kuanza na Scratch, ya bure kabisa, anapanga vipande vya maelekezo bila kuandika msimbo mgumu. Mkubwa ajaribu Godot. Chagueni jamu isiyo na fujo, someni masharti yake, wekeni saa za sala kwanza kwenye karatasi, kisha pangeni kazi pembeni yake. Wazeni kitu kidogo, halafu kikateni nusu. Na kama lako si gemu, kama ni gauni lililokatwa halijashonwa, au juzuu uliyoanza kuhifadhi, au kitabu cha mapishi ya bibi, jipe siku mbili zenye mwanzo na mwisho, umwambie na shoga yako akae nawe.

Mola atubarikie wakati wetu, aukubali mdogo tunaoutoa, na awalinde mama zetu walioko baharini. Amin.