KHERI JUU YA MGONGO WA FARASI



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake. Ama baad.

Wanafunzi wangu wengi wameniuliza, "Ustadh, Jumamosi asubuhi huenda wapi na gambuti?" Nimeona nijibu katika jarida letu ili na wazazi wasikie.

Mapenzi ya farasi nimeyarithi kwa babu yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyekuwa saisi huko Karen, Nairobi. Alinifundisha kumsugua farasi kwa kufuata nywele zilivyolala, kuinua kwato na kutoa vijiwe, na kumkaribia kutoka ubavuni, kwa kuwa haoni kilicho nyuma ya mkia wake. Nilipofika Surat Al-Adiyat chuoni, na nikasikia Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim kwamba kheri imefungamana na nywele za paji la farasi mpaka Siku ya Kiyama, nilifurahi kama mtu aliyesifiwa jamaa yake.

Kheri hiyo nimeiona kwa macho. Huu ni mwaka wa nne najitolea kwenye zizi moja ambako watoto wenye ulemavu hupandishwa farasi ili kuwasaidia viungo vyao.

Wapo wanaodhani ni mchezo tu. Farasi anapotembea polepole, mgongo wake huenda mbele na nyuma, juu na chini, kulia na kushoto. Kiuno cha aliyempanda hucheza karibu sawa na cha mtu atembeaye kwa miguu yake. Kwa hivyo mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye hajawahi kupiga hatua, mwili wake huonja mwendo huo. Misuli ya mgongo na tumbo hufanya kazi ili akae sawa, na joto la mnyama husaidia kulegeza miguu iliyokakamaa. Daktari hutoa idhini kwanza. Mtoto huvaa kofia ngumu, mtu mmoja humwongoza farasi, na wawili hutembea ubavuni, huku na huku. Mimi ni wa ubavuni.

Jambo hili lilipata umaarufu kwa sababu ya Lis Hartel, mwanamke wa Denmark aliyepooza miguu kwa polio mwaka 1944. Hakuweza kupanda wala kushuka bila kusaidiwa, lakini mwaka 1952 alipata medali ya fedha ya kuendesha farasi katika Olimpiki ya Helsinki.

Zizini yupo kijana wetu wa miaka tisa, Muislamu. Alipoanza, shingo ilikuwa ikimlalia begani. Sasa hukaa wima mzunguko mzima, na farasi haondoki mpaka yeye aseme "Bismillahi," hata ikimchukua dakika nzima kulitamka neno hilo. Sote husimama na kungoja.

Siku moja nilimuuliza mama yake kwa nini hajamleta chuoni. Akanijibu, "Ustadh, huko kwenu nani atamshika?"

Swali hilo liliniuma. Surat Abasa iliteremka kwa sababu ya kipofu aliyekuja kutafuta elimu, Abdullah ibn Umm Maktum. Mtume (S.A.W.) alimfanya muadhini pamoja na Bilal, na akamwachia usimamizi wa Madina alipokuwa safarini. Basi vipi sisi tuwe na watoto wanaofichwa majumbani kwa kuogopa macho ya watu?

Wazazi, waleteni. Hawahitaji huruma, wanahitaji mkeka, muda na mtu wa kukaa ubavuni. Nanyi wanafunzi, farasi hajui huyu ni mzima na yule ni kilema. Humbeba kila aliyewekwa mgongoni mwake kwa mwendo ule ule. Binadamu aliyepewa akili na Qur'ani hafai kushindwa na mnyama.

Yule kijana sasa huja kila Jumapili. Wanafunzi wawili wa darasa la tatu humshika, huku na huku, na ameshahifadhi Surat Al-Fatiha. Anaposoma, darasa zima hungoja.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kubebana. Amin.

Wabillahi tawfiq.