Ikombe: Ufuko wa Watu Wasioulizwa

Atakaye kufika Ikombe hana budi kuiacha barabara nyuma yake huko Matema, wilayani Kyela. Kutoka hapo safari ni ya mtumbwi, ama ya miguu kwa njia nyembamba iambaayo ufuko, chini ya Milima ya Livingstone ipandayo wima kutoka majini. Hapo ndipo wakaapo Wakisi. Wanaume huvua, wanawake hufinyanga. Vyungu vyao hupakiwa mitumbwini hadi gulio la Matema siku ya Jumamosi, na kutoka huko husambaa Kyela, Tukuyu, Mbeya na mbali zaidi. Huenda hata chungu kilichomo jikoni mwako kilizaliwa kwenye udongo huo.

Mgeni akisimama ufukoni huona maji tu, naye hudhani ziwa halina neno. Kumbe maji haya yana kesi. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa kugawana nchi zetu. Kwa maneno ya mkataba huo, mpaka ulifuata ukingo wa Ziwa Nyasa, upande huu. Malawi huyashikilia maneno hayo. Tanzania hushikilia kuwa mpaka hupita katikati ya maji. Kama maneno ya 1890 yangefuatwa yalivyo, mama wa Kikisi ateremkaye kuchota maji ya kulainishia udongo angekuwa ametia mguu katika nchi ya kigeni. Hakuna mfinyanzi wala mvuvi aliyeulizwa siku mpaka huo ulipochorwa.

Kutoulizwa ndiko kulikowasha moto ng'ambo. Kusini-magharibi ya Ikombe, ukivuka maji, ndiko Karonga, nchi ya Wangonde, ndugu wa damu wa Wanyakyusa. Mwaka 1953 Waingereza waliiunganisha Nyasaland na Rhodesia mbili katika Shirikisho, hali Waafrika walio wengi walilikataa. Chama cha Nyasaland African Congress kiliongoza upinzani, na Dakta Hastings Banda aliporejea mwaka 1958 upinzani ukapata nguvu mpya. Watu walifanya mikutano bila kibali na kuzikaidi amri za kilimo. Februari 1959 umati ulitwaa uwanja wa ndege wa Fort Hill, ambako leo huitwa Chitipa. Si kila jambo lilikwenda kwa amani. Lakini msingi wake ulikuwa mmoja: watu kukataa kutawaliwa bila ridhaa yao.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Machi 1959, Gavana Robert Armitage alitangaza hali ya hatari. Banda na wenzake walikamatwa. Siku hiyo hiyo, katika bandari ya Nkhata Bay, ufukoni mwa ziwa hili hili, umati ulikusanyika gatini kudai mahabusu waachiwe. Askari walifyatua risasi. Watu 20 wakafa. Mwezi Julai, tume ya Jaji Devlin, iliyoundwa na Waingereza wenyewe, ilisema kuwa Nyasaland ilikuwa, kwa wakati huo, dola ya kipolisi. Shirikisho lilivunjwa mwisho wa mwaka 1963, na tarehe 6 Julai 1964 Malawi ikawa huru.

Je, wananchi waliulizwa tangu siku hiyo? La hasha. Kabla ya miezi mitatu kupita, mawaziri waliothubutu kumpinga Banda walifukuzwa au walijiuzulu. Miongoni mwao ni Kanyama Chiume, mzaliwa wa Usisya, wilaya ya Nkhata Bay, aliyelelewa na kusomeshwa Tanganyika. Alirudi huku akiwa mkimbizi. Orton Chirwa, waziri mwingine wa wakati huo, alifia gerezani Zomba mwaka 1992. Waliokataa amri ya mgeni walikuta kwamba amri ya mwenyeji nayo yaweza kuwa na pingu.

Ilipofika tarehe 14 Juni 1993, Wamalawi waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka vyama vingi. Walio wengi wakasema ndiyo. Mwaka uliofuata Banda aliondoka kwa kura, na Chiume akarejea kwao baada ya miaka 30.

Somo la ziwa hili, basi, ni kwamba uhuru haukamiliki kwa kubadili bendera. Hukamilika mwananchi anapoulizwa, na jibu lake likaheshimiwa, hata likiwa hapana. Mwaka 2012 kesi ya mpaka ilifufuka kwa sababu ya utafutaji wa mafuta ziwani, na viongozi wastaafu wa Afrika wakaombwa kusuluhisha. Wakuu wanazo ramani na mikataba yao. Lakini meza yoyote itakayolikata shauri hili na iweke kiti kimoja kwa mfinyanzi wa Ikombe, na cha pili kwa mvuvi wa Karonga. Hao ndio wenye ziwa, na zamu yao ya kuulizwa imechelewa mno.