Moyo wa rumeti wangu na sekunde kumi za ECG

Niko huku chini ya Meru. Mvua imenyesha wiki nzima, matope mpaka mlangoni, na mlima wenyewe hatujauona tangu Jumatatu. Ila leo sitaongelea matope wala bumu. Nataka kuongelea karatasi.

Rumeti wangu ana tatizo la moyo kwenda mbio. Yaani dada wa watu amekaa tu anakunywa chai, ghafla moyo unadunda kama ametoka kukimbizwa na mbwa, dakika tano, kumi, halafu unatulia kama mtu kazima swichi. Mara mbili nusura aanguke. Wiki iliyopita tukapanda Hiace hadi mjini, akapimwa ECG, majibu yakaja safi. Kufika jioni hosteli nzima ina habari: anaogopa UE huyo, anatafuta sababu ya kuahirisha. Wengine eti mapepo. Jamani!

Mimi ile karatasi nikaiomba, si mnajua mtu wa Fizikia akiona grafu. Na kweli ni grafu. Karatasi inatembea milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo mraba mdogo wa milimita moja ni sekunde 0.04, mkubwa ni 0.2. Kila pigo lina kilima kidogo kinaitwa P, hapo umeme unapita vyumba vya juu vya moyo. Halafu mnara mrefu, QRS, zamu ya vyumba vya chini vinavyosukuma damu. Mwisho kilima cha T, vyumba vya chini vinajiandaa upya. Ukitaka kujua mapigo kwa dakika, hesabu miraba mikubwa toka mnara hadi mnara, kisha chukua 300 ugawanye kwa hiyo idadi. Yake ilikuwa minne, sawa na mapigo 75. Na kila mnara una P yake mbele.

Sasa ile karatasi inarekodi kama sekunde 10 tu, na siku moja ina sekunde 86,400! Ni sawa na mkaguzi achungulie darasani sekunde kumi, akute mwalimu anaandika ubaoni, halafu aripoti kwamba mwalimu huyo hajawahi kuchelewa. Daktari mwenyewe wala hakusema "huna kitu". Alisema muda ule hakuna kilichoonekana, akamwandikia afungwe mashine ndogo ya Holter, anatembea nayo masaa 24 au zaidi huku inarekodi.

Kuna matatizo mengine ya mapigo ambayo karatasi moja inayakamata vizuri, kama lile la vyumba vya juu kutetemeka ovyo. Hapo P hazionekani na minara inakuja bila mpangilio wowote. Damu ikituama humo inaweza kuganda, donge likapanda kichwani, ndiyo kiharusi. Majirani zetu wa Hai walipimwa: utafiti uliochapishwa 2012 ulichukua wazee 2,232 wa miaka 70 na kuendelea, waliokutwa nalo ni 15 tu. Ulaya wazee wa umri huo wanalo wengi zaidi. Lakini huku kwetu linawapata hata vijana, ambao valvu zao ziliharibiwa na homa ya rumatiki utotoni, na homa hiyo huanzia kwenye maambukizi ya koo yasiyotibiwa. Walimu wenzangu mnaoenda BTP, mtoto anayelalamika koo msimwambie tu anywe maji ya moto.

Turudi kwa rumeti. Mashine atafungwa Alhamisi, UE inaanza Jumatatu inayofuata. Tumeanzisha kadaftari: tarehe, saa, alikuwa anafanya nini, mapigo mangapi nikimshika mkono kwa saa yangu ya mkononi. Juzi usiku nilihesabu mpaka 170 nikapoteana, yalikuwa yanakwenda kasi kuliko kidole changu. Kukiwa na UE au bila UE, mtu hawezi kuigiza hiyo. Wale wa ghorofa ya pili wanaosema anaigiza, waje waushike huo mkono.